Makabidhiano ya Elisante

Katika kazi yetu hakuna anayeaga. Gladness wa nyumba ya pili, ambaye namheshimu kwa mambo mengine mengi, amekwisha kumzika bibi yake mara tatu, kila mara kwa bosi mwingine, na bibi mwenyewe yuko Chemba mpaka leo anafuga kuku na kulalamikia magoti. Wengine huugua ghafla. Wengine hupigiwa simu na "kaka" kwamba nyumbani kuna matatizo, na matatizo hayo hayana jina. Na wale wasiojua kutunga hungoja kupambazuke kidogo, wakabeba mfuko wao na kurudishia geti polepole lisilie. Ukiwauliza kwa nini hawasemi ukweli, watakujibu kwamba ukisema utaondoka mwisho wa mwezi, utaondolewa mchana huohuo, na begi lako litamwagwa sebuleni likaguliwe. Siwezi kusema wanatia chumvi. Nimeshaona begi likimwagwa.

Mimi ni Penina binti Methusela, wa kijiji kimoja mbele ya Hombolo. Kwa miaka miwili na miezi mitatu nilikuwa dada wa Elisante, katika nyumba moja huku Ilazo, Dodoma. Nasema dada wa Elisante kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya. Kufua na kupika vilikuwepo, lakini kwa ajili ya hivyo hakuna mtu aliyekuwa ananililia.

Elisante alikuwa na miaka miwili na nusu nilipofika. Siku ya kwanza alinifuata hadi chooni, akakaa nje ya mlango, vidole vyake amevipenyeza kwa chini. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikamwambia, "Kaa na mama, nakwenda dukani mara moja kuchukua chumvi," na yule mtoto akaanguka chini akalia mpaka akatapika. Mama yake, kwa aibu zaidi kuliko hasira, akanieleza. Dada aliyenitangulia aliondoka asubuhi moja akimwambia anakwenda dukani kumletea pipi. Mtoto akakaa getini kumngoja. Kesho yake akakaa tena, na kesho kutwa, na juma zima akiamka tu anakwenda kukaa getini kungoja pipi zake. Kabla ya huyo kulikuwa na mwingine, aliyeondoka mtoto akiwa usingizini. Kwa hiyo Elisante alikuwa na hofu mbili, ya duka na ya kulala.

Ilipita miezi saba kabla hajalala mchana bila kushika upindo wa kanga yangu. Siku alipouachia mwenyewe nilitoka nje nikasimama kwenye kamba ya nguo, nikalia kidogo, na nikala kiapo. Siku yangu ya kuondoka, huyu mtoto ataambiwa na mimi mwenyewe, mchana, uso kwa uso.

Sasa siku hiyo ikaja. Mwezi wa nane nilipata ujumbe kwenye simu kwamba nimechaguliwa chuo cha mifugo, Mpwapwa, kozi ya afya ya wanyama. Ndiyo, mimi, mwenye D ya kemia na C ya biolojia. Mwaka wa kwanza niliomba nikakosa. Mwaka wa pili niliomba tena bila kumwambia mtu, maana kukosa mbele za watu kunauma mara mbili. Baba yangu alipoteza mbuzi kumi na tisa msimu mmoja. Mtaalamu alifika zikiwa zimebaki ngozi, akaandika jina la ugonjwa kwenye kitabu chake, akaondoka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili, na tangu siku ile nimetaka kuwa mtu anayelijua jina hilo mapema. Kuripoti ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa kumi, na fomu ilisema wazi kwamba asiyeripoti wiki hiyo nafasi yake atapewa mwingine. Nilicheza jikoni na mwiko mkononi, na Elisante akacheza nami, anacheka, hajui tunachezea nini. Kisha nikakumbuka kiapo changu.

Gladness alinishauri ukutani, kama kawaida yetu, yeye akianika kwao, mimi nikianika kwetu.

"Ua bibi," alisema. "Bibi anatosha."

"Bibi yangu alishafariki kweli."

"Basi shangazi. Wewe Penina una roho ngumu, watu wanakufa bure kila siku, wewe unashindwa kumtumia mmoja."

Nilimwambia nitaandika barua. Alicheka mpaka akaangusha shuka kwenye vumbi, akalazimika kulifua upya, na sikumwonea huruma.

Barua sikuitoa hewani. Mama Elisante, jina lake Cecilia, ni afisa utumishi katika wizara moja pale Mtumba. Kazi yake ni barua za watu: wanaoajiriwa, wanaohama, wanaopanda vyeo, wanaostaafu. Zile zilizokosewa huja nazo nyumbani, na upande wake wa nyuma Elisante huchorea magari. Kwa miaka miwili mtoto alipokuwa akichora nyuma, mimi nilikuwa nikisoma mbele. Nazijua barua za serikali kuliko baadhi ya wanaolipwa kuziandika. Kwa hiyo Jumamosi moja asubuhi, majuma matano kabla ya kuripoti, baada ya chai, niliweka mezani karatasi safi iliyoandikwa kwa mwandiko wangu bora:

YAH: TAARIFA YA KUACHA KAZI YA ULEZI

*Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi mtajwa, niliyeanza kazi nyumbani kwako nikiwa na nguvu na nia njema, natoa taarifa ya siku thelathini na tano kwamba nitaacha kazi ili kwenda masomoni. Naomba, kwa heshima na taadhima, kwamba katika siku hizo mtoto aandaliwe, asifichwe. Nakutakia kazi njema. Wako mtiifu, Penina Methusela.*

Mama Elisante aliisoma mara mbili. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Nilijiandaa kufukuzwa, nilijiandaa begi kumwagwa, na nilikuwa nimelipanga vizuri ili likimwagwa nisiaibike. Sikujiandaa kwa alichofanya. Alichukua kalamu nyekundu kwenye mkoba wake.

"Haina kumbukumbu namba," alisema.

Nilidhani ananitania. Nikacheka kidogo. Hakucheka.

"Barua kama hii ikifika mezani kwangu nairudisha. Haina kumbukumbu namba, haina tarehe, na haikuelekezwa kwa cheo."

Akanirudishia. Nami, kwa kuwa nina hasira za karibu na ujinga wa mbali, nikasema moyoni: sawa, wewe si unataka barua, utaipata. Nikaiandika upya. *Kumb. Na. ILZ/ULEZI/01.* Tarehe nikaweka, na nikamwelekezea kwa cheo, Mkuu wa Kaya.

Jumatatu jioni akairudisha tena. Safari hii alisema haikupita kwa msimamizi wangu wa karibu.

"Msimamizi wangu wa karibu si wewe, mama?"

"Mimi ndiye mwajiri. Mwajiri hawezi kuwa msimamizi wa karibu."

Nikaandika *Kupitia kwa: Baba Elisante* na kumpelekea mumewe. Baba Elisante, bwana William, ni mtu mpole anayetengeneza barabara za watu na kukaa mbali na ugomvi wa nyumbani. Aliisoma akiwa amesimama, akaniuliza kama Mpwapwa kuna baridi, kisha akaandika pembeni, *Sina pingamizi, napendekeza aruhusiwe*, akatia saini kubwa nzuri. Mkewe hakumsemesha siku mbili. Siku ya tatu barua ikarudi: haina kiambatisho. Nikaambatisha nakala ya kuchaguliwa chuo. Akaipokea, akaitia kwenye mkoba, na akasema neno ambalo kila Mtanzania aliyewahi kupeleka shida ofisini analijua.

"Nimeipokea. Inafanyiwa kazi."

Ikafanyiwa kazi juma la kwanza. Ikafanyiwa kazi juma la pili. Mimi nilikuwa napiga pasi, nasonga ugali, nahesabu siku. Kila nilipotaka kumwambia Elisante, mama yake aliniomba kwa macho nisubiri, nami nikasubiri, kwa sababu nilitaka aambiwe na nyumba nzima, si na mimi peke yangu kwa kujificha. Kujificha ndiko nilikokuwa nakukimbia. Lakini maji yalikuwa yananifika shingoni. Zilipobaki siku kumi na moja, nilimkuta jikoni asubuhi akinywa chai amesimama, amevaa tayari kwa kazi, nikauliza.

"Shikamoo mama. Barua yangu iko wapi?"

"Marahaba. Inafanyiwa kazi, Penina."

"Na nani?"

Akaweka kikombe. Halafu akasema polepole, kama mtu anayetaka kunisaidia, "Kwani lazima barua? Si ungeondoka tu, kama wenzako walivyofanya. Ningeamka, nikukose, nilie, nitafute mwingine. Hilo nalijua jinsi ya kulifanya. Hili la kwako silijui."

Damu ilinichemka. Nimetukanwa mara nyingi katika kazi hii, lakini tusi lile lilikuwa jipya, maana lilisemwa kwa upole.

"Mama," nikasema, "miguu hii ni yangu. Siwezi kuondoka nayo kama niliyeiiba."

Nikatoka nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Sitaki msomaji amwone mama yule ni mbaya. Hakuwa mbaya. Wizara zilipohamia Dodoma alikuja na sanduku na mimba, na ndugu zake wote walibaki Kilimanjaro. Anatoka nyumbani Elisante hajaamka vizuri na anarudi jua limezama. Kuna siku alinikuta namwimbia mtoto, akasimama mlangoni akisikiliza, kisha akaniuliza wimbo ule anaupenda tangu lini. Tangu zamani, nilimjibu, na nikaona nimemchoma bila kukusudia. Aliogopa, ndiyo maana alinipiga danadana. Lakini hofu ya mtu mwingine si kitanda, huwezi kuilalia milele.

Mchana ule nilimpigia baba yangu. Alikuwa malishoni, nilisikia kengele za mbuzi.

"Mbukwenyi, baba," nikamwamkia kwa Kigogo. Nikamweleza yote, na kumbukumbu namba, na kiambatisho. Alisikiliza kama anavyosikiliza kila kitu, akinyamaza mpaka unadhani simu imekatika.

"Umeshakabidhi?" akauliza.

"Nimetoa barua."

"Barua ni kuomba njia. Nakuuliza kama umekabidhi."

Akanikumbusha jambo nililoliona utotoni nisilitie maanani. Kwetu mtu huweza kukaa na ng'ombe wa mwenzake miaka, anawachunga, anakunywa maziwa, wanazaliana. Siku ya kuwarudisha hafungui zizi akasema chukua wako. Anasimama mlangoni pa zizi mbele ya mashahidi, ng'ombe wanatoka mmoja mmoja, na kila anayetoka anamsema. Huyu anapiga teke akikamuliwa upande wa kushoto. Huyu anapenda kubaki nyuma, usimpige, mngoje. Huyu tangu ndama wake afe hanywi maji mpaka wenzake waondoke. Mwenye mali anasikiliza mpaka wa mwisho, naye anajibu, nimepokea. Hapo ndipo mchungaji anakuwa huru, na hapo ndipo ng'ombe wanakuwa na mwenyewe.

"Huyo mama hajakataa kukuachia," baba alisema. "Hajui anapokea nini. Mwambie."

Nikakaa kwenye ngazi ya nyuma na kucheka peke yangu, kwa sababu serikalini nako jambo hilo lipo. Nimelisoma nyuma ya magari ya Elisante mara nyingi: mtumishi anayehama hutoa hati ya makabidhiano, na anayepokea hutia saini. Afisa utumishi gani anaweza kuirudisha hati ya makabidhiano? Angekuwa anajirudisha yeye mwenyewe.

Niliiandika kwa siku nne. Mtoto akilala mchana naandika, akichora naandika pembeni yake. Wakati huohuo nilimtafuta Zipora, mama mmoja wa kwaya ya kanisani kwetu, mjane wa miaka arobaini na kitu aliyelea watano na kuwasomesha. Alisema hatalala nyumbani kwa mtu, lakini atakuja alfajiri na kuondoka jioni. Nikamwambia hiyo ni bora zaidi, mtoto azoee kwamba mtu anaondoka na anarudi. Kisha Ijumaa nikampa mama Elisante karatasi fupi: *Mwaliko wa kikao cha makabidhiano, Jumapili baada ya ibada, sebuleni.* Aliitazama muda mrefu. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Hakuitumia.

Jumapili tulikaa. Baba Elisante kwenye kochi kubwa, mkewe kando yake, Zipora kwenye kiti cha mlangoni, bado amevaa sare ya kwaya. Elisante alikuwa anasukuma gari sakafuni.

"Nenda kacheze kwa kina Gladness," mama yake akamwambia.

"Hapana, mama," nikasema. "Huyu hawezi kutoka. Ndiye anayekabidhiwa."

Baba Elisante akasogea na kumpa mtoto nafasi katikati yao. Elisante akapanda na gari lake. Mimi nikapiga magoti mbele yake, maana kwa kusimama nisingeweza.

"Elisante, nataka kukuambia jambo. Naondoka."

"Unakwenda dukani?"

"Siendi dukani. Jumamosi nakwenda Mpwapwa, shule, kujifunza kutibu mbuzi na ng'ombe. Sitalala tena hapa. Nitakuja kukusalimu Krismasi, na siku nyingine zote nitakuwa huko."

Alinitazama. Kisha akalia. Alilia kwa nguvu zote za miaka minne na miezi tisa, akanipiga na lile gari begani, na mama yake akanyoosha mikono kumnyamazisha. Nikasema, "Muache alie, mama, analilia kitu cha kweli." Wote tukangoja. Mimi mwenyewe nililia, na Zipora akatoa leso. Yule mtoto alilia mpaka kilio kikafika mwisho wake, akavuta kamasi.

"Mbuzi wanaumwa nini?" akauliza.

"Vitu vingi. Wengine mapafu, wengine kwato."

"Na wanasemaje kama hawaongei?"

"Hiyo ndiyo naenda kujifunza."

Akaona ni jambo la maana. Akabaki ananishika kidole, nami nikafungua hati yangu nikasoma.

Nilisoma kwamba Elisante William anakula uji wa ulezi ukiwa vuguvugu na sio ukiwa wa moto, na kwamba mlenda anaukataa mezani lakini ukimpa jikoni amesimama anamaliza bakuli. Kwamba akisema tumbo linauma, mara nyingi amevunja kitu, usimpeleke hospitali kabla hujatazama nyuma ya kochi. Kwamba anaogopa boza la maji linapopiga honi.

"Siogopi sasa," Elisante akasema.

"Alikuwa anaogopa boza," nikasahihisha kwa kalamu. "Tangu mwezi wa saba haogopi."

Nilisoma kwamba haimbiwi ili alale, anaimbiwa akiwa anaoga, na usingizi huja wenyewe akipapaswa nyuma ya sikio la kulia. Kwamba ana rafiki asiyeonekana aitwaye Bwana Koti, na ni lazima Bwana Koti asalimiwe. Baba Elisante alicheka, kisha akaacha kucheka, akamtazama mwanawe kama anaonyeshwa picha ya nyumba yake iliyopigwa kutoka juu. Nikasoma kwamba mtoto ni mkarimu kuliko anavyoonekana, chakula chake cha mwisho humpa paka, na asigombezwe kwa hilo. Na nikafika mahali ambapo nilikuwa nimeandika, nikafuta, nikaandika tena.

"Kila siku baada ya saa tisa huanza kuuliza ni saa ngapi. Hataki kujua saa. Anataka kujua mama yake amebakiza muda gani kufika. Ukimjibu saa kumi, atauliza tena. Ukimjibu, mama anamalizia kazi, anakuja, anatulia."

Mama Elisante aliweka mkono mdomoni.

"Mimi nikipiga simu mchana huwa ananiambia anacheza," alisema. "Anasema anacheza tu, na anakata."

"Huwa anacheza akiwa amekaa dirishani, mama."

"Na dada amesahau," Elisante akadakia, akiwa amechoshwa na kusemwa bila kushirikishwa. "Mama akija simkimbilii mbio. Kwanza najificha halafu ananitafuta. Lakini siku nyingine hanitafuti, anakwenda kuvua viatu."

Nikaandika na hilo, neno kwa neno, kama alivyolisema mwenyewe. Chini nikawa nimechora mistari mitatu: *Aliyekabidhi. Aliyepokea. Mashahidi.* Nikatia saini yangu, nikampelekea Zipora kalamu, maana ndivyo nilivyodhani. Hata mimi, na ujanja wangu wote wa barua, nilikuwa nimepanga mtoto atoke mkono wa dada aende mkono wa dada.

"Subiri," mama Elisante akasema.

Alisimama. Alikuwa analia bila kujificha, mbele ya mumewe, mbele ya mgeni, mbele ya mtoto. Akachukua kalamu kutoka mkononi mwa Zipora kwa adabu kabisa, mikono miwili.

"Mama Zipora ni msaidizi, na namshukuru Mungu amekuja," alisema. "Anayepokea ni mimi."

Akainama juu ya meza. Hakutafuta kasoro. Aliandika jina lake lote, Cecilia, na ukoo, na tarehe, na penye mstari wa cheo, pale ambapo kila siku huandika Afisa Utumishi Mkuu, akaandika *Mama*. Baba Elisante akatia saini ya shahidi, na Zipora, na Elisante akachora gari. Kisha mama Elisante akaingia chumbani akarudi na barua yangu, ile yenye kumbukumbu namba na kiambatisho, iliyokunjika kwa kukaa kwenye mkoba majuma yote yale. Juu yake akaandika mbele yangu, kwa wino wa bluu, *Imekubaliwa.* Akaniomba msamaha, na nikamsamehe palepale, kwa sababu nilikuwa na furaha nyingi kuliko pa kuiweka.

Siku tano zilizobaki Elisante alikuwa mkali kama mkaguzi. Alimfundisha Zipora kumsalimu Bwana Koti, akamkosoa namna ya kumpapasa sikio. Alimtangazia kila mtu kwamba mimi naenda shule. Usiku mmoja tu aliamka kutazama kama nipo, ndivyo alivyoniambia asubuhi, akaona nipo, akalala. Mama yake Alhamisi alirudi jua bado lipo, na alipoingia mlangoni akauliza kwa sauti kubwa Elisante yuko wapi, na akatafuta chini ya meza, ndani ya kabati, nyuma ya pazia, viatu vyote miguuni.

Jumamosi niliondoka saa tatu asubuhi. Nililileta begi langu sebuleni nikafungua zipu mwenyewe, kwa mazoea ya kazi yetu. Mama Elisante aliniangalia kama nimemtukana, akapiga goti akaifunga. Gladness alikuwa ukutani, na wasichana wengine watatu wa mtaa nao ghafla walikuwa na nguo za kuanika asubuhi hiyo. Waliona geti likifunguliwa lote, kwa kelele. Waliona baba Elisante amebeba begi langu begani kulipeleka kwenye bodaboda. Nilivaa gauni langu la kanisani. Sikuinamisha kichwa, na sikuharakisha hatua hata moja.

"Bibi hajambo?" Gladness aliniuliza kwa mbali, macho yanamlengalenga.

"Hakuna aliyekufa," nikamjibu.

Nikamkumbatia mama Elisante. Nikachuchumaa kwa Elisante, tukaagana kwa mkono kama wanaume, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Nikapanda bodaboda. Nilijua asingeondoka pale. Nilijua atasimama getini mpaka tukate kona, na huenda hata baada ya hapo, na nilikuwa nimejiambia nisigeuke nyuma nisije nikamwona amekaa chini kungoja.

Niligeuka. Dereva hajatia hata gia. Elisante alinipungia mara moja. Halafu Zipora akaita kutoka ndani kwamba uji umeshapoa kiasi, na yule mtoto akaushika mkono wa mama yake, akanipa mgongo, akaingia ndani kunywa uji.

Sijawahi kupewa mgongo nikafurahi namna ile. Nikamwambia dereva, "Twende stendi, kaka, nina shule."